MAISHA YA STEINMETZ, INJINIA ALIYEKOSA DIPLOMA



Kila mwaka, wakati wale wa darasa la sita wanapongoja matokeo ya Mtihani wa Taifa, maulizo yanakuwa yale yale: sasa tutakwenda wapi? Wengi wa seksio ya hesabu na fizika, na ndugu zetu wa seksio ya umeme, wanasema wanataka kuwa mainjinia wa umeme. Ni neno zuri. Lakini ukiwauliza ni mambo gani yanatakiwa ili mtu apewe ile karatasi ku universite, wanajibu kwa kifupi: pointi nyingi na feza ya minervale. Ndiyo, pointi zinatakiwa, na feza pia inatakiwa. Lakini hiyo si yote, na tena si kubwa kupita mengine.

Kwa hiyo tumechagua kuwaelezea maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake mainjinia wa umeme wa dunia nzima wanalijua: Charles Proteus Steinmetz. Huyu mtu alisoma miaka mingi, akafika karibu kabisa na diploma, akaikosa. Kisha, nchi nyingine, yeye mwenyewe akawekwa kuwafundisha wale wanaotafuta diploma ya injinia wa umeme. Tusome pole pole, tuone ni nini alichokikosa na ni nini alichokuwa nacho.

1. MTOTO WA BRESLAU

Alizaliwa tarehe 9 mwezi wa 4 mwaka wa 1865 katika mji wa Breslau. Wakati ule mji huo ulikuwa wa ufalme wa Prussia; leo ni wa nchi ya Poland, na unaitwa Wrocław. Wazazi walimpa majina Karl August Rudolf, wakambatiza katika kanisa la Kiprotestanti la nchi ile. Baba yake alitumika ku shirika la gari la moshi, kazi ya kuchapa michoro na karatasi. Hawakuwa matajiri, lakini hawakulala njaa.

Taabu mbili zilimpata mapema. Ya kwanza, mama yake alikufa kwa kipindupindu wakati mtoto alikuwa na mwaka mmoja tu. Akalelewa na baba yake na nyanya yake. Ya pili, alizaliwa na kilema: mgongo wake ulipinda ukafanya kibiongo, na miguu yake haikuwa sawasawa. Baba yake naye alikuwa na kilema cha namna hiyo, na babu yake vile vile. Hata alipokuwa mtu mzima, urefu wake ulikuwa kama metre 1 na sentimetre 22. Fikirini mwenzetu wa namna ile akiingia mu kiwanja cha shule. Tunajua sisi wenyewe namna watoto wanavyochekana.

Ku shule ya sekondari ya Breslau alijifunza Kilatini, Kigriki, hesabu na fizika. Kwa hesabu na fizika aliwapita wenzake. Wanasimulia ya kwamba mwisho wa sekondari kulikuwa mtihani wa kusema mbele ya walimu wote, na kila kijana alitakiwa kuvaa nguo nyeusi za heshima. Karl akajitayarisha, nguo ikapatikana. Siku ilipofika akaona jina lake kwenye karatasi ya ukutani: yeye amesamehewa ule mtihani kwa sababu pointi zake za mwaka zilikuwa nzuri sana. Mwingine angeruka kwa furaha. Lakini yeye alibaki na shaka moyoni: labda hawakutaka tu mtu wa kibiongo asimame mbele ya wageni. Tangu siku ile, wanasema, hakupenda tena kuvaa nguo za namna hiyo.

2. UNIVERSITE, NA NAMNA ALIVYOKOSA DIPLOMA

Mwaka wa 1883 akaingia ku universite ya Breslau. Huko alisoma hesabu, fizika, elimu ya nyota na kemia. Wenzake wa chama cha hesabu wakampa jina la mchezo, Proteus. Katika hadithi za Wagriki, Proteus ni mzee wa baharini anayegeuza umbo lake na anayejua mambo mengi. Kijana hakukasirika. Baadaye, alipokuwa mwananchi wa Marekani, alilichukua lile jina likawa jina lake la kweli.

Miaka ile Ujerumani ilitawaliwa na waziri mkuu Bismarck. Tangu mwaka wa 1878 kulikuwa sheria ya kukataza vyama vya wasosialisti, wale waliotetea haki za wafanyakazi. Steinmetz aliingia katika kikundi chao, akasaidia kuandika gazeti lao. Polisi wakaanza kumfuata. Mwaka wa 1888 akapata habari ya kwamba atakamatwa.

Sasa angalieni vizuri alikuwa wapi wakati ule. Alikuwa amesoma miaka mitano. Kazi yake ya doktora ya hesabu ilikuwa karibu kwisha. Ilibaki kidogo tu kufika ile siku ya kupewa diploma mkononi. Kungoja kulikuwa hatari ya gereza. Kukimbia kulikuwa kuacha diploma. Akakimbia. Akavuka mpaka, akafika mji wa Zürich, nchi ya Uswisi, bila diploma na bila feza ya kutosha.

Hapa wengine wangesema: basi, mambo yangu yamekwisha. Yeye akaanza tena chini. Akajiandikisha ku shule kubwa ya ufundi ya Zürich, akasoma mambo ya mashini. Maana mpaka hapo alikuwa mtu wa hesabu tu. Mashini alikuwa akizijua katika vitabu. Kwa chakula aliandika makala za magazeti.

3. MLANGO WA MAREKANI

Ku Zürich alikaa chumba kimoja na kijana mmoja, Oscar Asmussen, ambaye alikuwa na jamaa Marekani. Huyu rafiki alipotaka kwenda Amerika, akamwambia Steinmetz twende wote, nauli nitakulipia. Wakapanda meli ya Kifaransa, fasi ya maskini, chini kabisa. Wakafika New York mwanzo wa mwezi wa 6 mwaka wa 1889.

Pale bandarini kulikuwa wakaguzi wa wageni. Wakamwona mtu mfupi, mwenye kibiongo, uso umevimba kwa baridi ya safari, hajui Kiingereza, mfukoni hana kitu. Wakafikiri ya kwamba mtu huyu atakuwa mzigo juu ya nchi, afazali arudishwe alikotoka. Na kule alikotoka gereza lilimngoja. Asmussen akajitokeza, akaonyesha feza yake mwenyewe, akawaambia wakaguzi ya kwamba huyu ni rafiki yake, ni mtu mwenye akili nyingi, na feza hii ni ya wote wawili. Wakaachiliwa wakapita.

Wandugu, tufikiri kidogo. Zile taa zinazowaka, zile hesabu za umeme tunazofanya darasani, zilitegemea kwa sehemu kubwa kijana mmoja aliyekubali kusimama karibu na mwenzake mwenye kilema na kufungua mfuko wake. Asmussen hakuvumbua kitu chochote tunachokijua. Lakini bila yeye tusingeandika habari hii.

Juma chache kisha, Steinmetz akapata kazi ku mji wa Yonkers, karibu na New York, kwa Rudolf Eickemeyer. Huyu mzee naye alikuwa Mjerumani aliyekimbia nchi yake zamani juu ya siasa. Alikuwa na kiwanda cha mashini. Hakuuliza diploma iko wapi. Aliongea naye, akapima akili yake. Akamwandika kazi ya kuchora michoro, mshahara dola 12 kwa juma. Mwenye kusoma hesabu miaka mitano, sasa anachora mistari ya mashini za wengine! Lakini hakuona haya. Mchana alichora, usiku alisoma, na mara Eickemeyer akampa fasi ndogo ya kufanyia majaribio yake.

4. CHUMA KINACHOPATA MOTO

Tueleze sasa kazi yenyewe, maana mtu wa elimu anajulikana kwa kazi.

Kuko mikondo ya umeme ya namna mbili. Wa kwanza unakwenda upande mmoja tu, kama ule wa pili ya tochi. Wa pili unakwenda na kurudi mara nyingi kwa segonde, ndio ule tunaouita alternatifu darasani. Mwaka wa 1882 Edison alifungua kituo chake cha umeme ku New York, na kilitoa mkondo wa namna ya kwanza. Ulikuwa mzuri, lakini haukuweza kufika mbali: kisha kilometre moja ao mbili nguvu nyingi zilipotea ndani ya nyaya. Mkondo unaokwenda na kurudi una faida kubwa: kwa mashini inayoitwa transfoma unaweza kuongeza volti, ukapeleka umeme mbali sana, kisha ukazipunguza tena karibu na nyumba za watu.

Lakini kulikuwa shida. Ndani ya transfoma na mota kuko chuma. Kila mara mkondo unapogeuka, sumaku ya kile chuma nayo inageuka, na katika kugeuka kwake inakula nguvu kidogo, chuma kinapata moto. Wale waliotengeneza mashini hawakujua mbele ni nguvu ngapi zitapotea. Walitengeneza, wakajaribu, kama inapata moto sana, wakatupa wakatengeneza nyingine. Ni hasara kubwa.

Steinmetz alichukua vipimo vilivyofanywa na wengine, akaongeza vyake mwenyewe, akatafuta sheria ndani yake. Tarehe 19 mwezi wa 1 mwaka wa 1892 akasimama mbele ya chama cha mainjinia wa umeme ku New York, akawasomea aliyoyapata: hasara ya chuma inafuata nguvu ya sumaku iliyopandishwa kwa 1,6. Maana yake, ukizidisha sumaku mara 2, hasara haizidi mara 2 wala mara 4. Inazidi karibu mara 3. Sasa injinia anaweza kupiga hesabu kwenye karatasi mbele ya kukata chuma. Alikuwa na miaka 26, na alikuwa ku Marekani miaka miwili na nusu tu.

5. HESABU ILIYOFUPISHWA

Ule mwaka wa 1892 kampuni General Electric ilizaliwa, na muda mfupi kisha ikanunua kiwanda cha Eickemeyer. Steinmetz naye akahamia kwake, mwisho akakaa mji wa Schenectady, jimbo la New York. Huko alikaa mpaka kufa kwake.

Mwezi wa 8 mwaka wa 1893 kulikuwa mkutano mkubwa wa umeme ku Chicago. Steinmetz akaonyesha kitu ambacho leo kinafundishwa katika kila universite ya umeme. Katika mkondo alternatifu, volti na mkondo havipandi na kushuka pamoja siku zote. Mmoja unaweza kuchelewa nyuma ya mwingine. Kuhesabu ule mchelewo kulitaka hesabu ndefu za kuchokesha. Yeye akasema tutumie zile namba zenye sehemu mbili, sehemu ya kweli na sehemu ya kudhaniwa, ambazo sisi tunajifunza katika darasa la sita tukilalamika ya kwamba hazina kazi. Injinia mwingine, Arthur Kennelly, alikuwa ameonyesha njia iliyo karibu na hiyo mwaka ule ule. Lakini Steinmetz ndiye aliyeipanga sawasawa kwa mashini za kila namna.

Tuchukue mfano mdogo. Waya uliozungushwa una upinzani wa kawaida wa om 3, na kwa sababu ya sumaku yake una upinzani mwingine wa om 4. Mtu asiyejua atasema 3 na 4 ni 7. Sivyo. Zile om mbili zinasimama kama pembe mraba: 3 inalala chini, 4 inasimama juu, na jumla yake ni ule mstari wa mshazari, yaani 5. Ukitia volti 100, utapata ampere 20, si 14. Ni ile teorema ya Pythagoras tu! Lile somo la darasa la chini, na zile namba za kudhaniwa za darasa la juu, zinakutana ndani ya mota moja.

Mwaka wa 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukaanza kufika mji wa Buffalo, kilometre 40 hivi. Katika miaka ile mainjinia walianza kupiga hesabu za mistari mirefu bila kubahatisha. Hata sisi hapa Kongo, umeme wa Inga unazaliwa ukiwa alternatifu. Unageuzwa kuwa wa upande mmoja kwa ile safari ya kilometre 1.700 mpaka Kolwezi, na kule unarudishwa tena kuwa alternatifu. Injinia wa Inga ao wa Kolwezi akichukua kereyo yake leo, bado anahesabu kwa njia ya Steinmetz.

6. MTU BILA DIPLOMA ANAFUNDISHA WATAFUTA DIPLOMA

Mwaka wa 1897 alitoa kitabu kikubwa juu ya mkondo alternatifu. Ni wachache walioweza kukielewa. Je, alisema wasomaji ni wajinga? Hapana. Aliona kosa liko hapa: watu hawakupewa misingi. Kwa hiyo akarudi nyuma, akaandika vitabu vya kuwatayarisha: mwaka wa 1901 kitabu cha misingi ya umeme, na mwaka wa 1911 kitabu cha hesabu kwa mainjinia. Mwalimu mzuri anafanya vile: akiona wanafunzi hawafiki, anatengeneza ngazi.

Mji wa Schenectady una chuo cha zamani, Union College, kilichoanzishwa mwaka wa 1795. Mwaka wa 1902 kilimwita Steinmetz awe profesere na mkubwa wa masomo ya injinia wa umeme. Akakubali, na hakuchukua mshahara wa chuo, maana kampuni ilimlipa. Alifundisha pale zaidi ya miaka kumi. Vyuo vya Harvard na Union vilimpa diploma za heshima. Hivi yule aliyekimbia bila karatasi akapewa karatasi bila kuziomba. Na mainjinia wenzake walikuwa wamemchagua kuwa rais wa chama chao kwa mwaka wa 1901 mpaka 1902.

Katika kazi ile aliwaza sana: mwanafunzi anatakiwa kujua nini ili aitwe injinia wa umeme? Mawazo yake tunaweza kuyafupisha hivi. Alilaumu shule zinazojaza kichwa cha mwanafunzi mambo mengi madogo madogo ya kukariri, ambayo yanasahauliwa mara tu mtihani ukiisha. Alitaka mambo machache, lakini yajulikane mpaka chini: hesabu, fizika, kemia, sheria kubwa za umeme. Mashini za leo zitakuwa takataka kesho, lakini mwenye kujua misingi atajifunza zile za kesho. Tena alitaka injinia asome na mambo ya wanadamu, historia na lugha, hata Kilatini na Kigriki, ili asikuwe mtu wa mashini tu. Sikieni vizuri, ninyi mnaolala wakati wa somo la historia!

Tuone sasa kama mawazo hayo yamekufa. Marekani ya leo, diploma ya kwanza ya injinia wa umeme inachukua kwa kawaida miaka 4. Kuko shirika linaloitwa ABET, lililoanza kwa jina lingine mwaka wa 1932, ambalo linapima masomo ya mainjinia. Shirika hilo linadai mambo haya. La kwanza, krediti zisizopungua 30 za hesabu na elimu za msingi kama fizika na kemia. Krediti moja ni kama saa moja ya darasa kila juma kwa nusu mwaka, pamoja na kazi ya nyumbani. La pili, krediti zisizopungua 45 za kazi ya injinia yenyewe: nyaya na mikondo, mashini, elektroniki, na mengine ya namna hiyo. La tatu, masomo mengine ya kumjenga mtu. La nne, mbele ya kutoka, mwanafunzi afanye kazi moja kubwa ya kubuni kitu, akitumia yote aliyojifunza. Kila nchi ina sheria yake, na universite zetu zina zake. Lakini mtaona ya kwamba hesabu na fizika zinasimama mlangoni kila fasi. Hakuna dirisha la kupitia.

Na dada zetu wasifikiri ya kwamba njia hii ni ya wavulana. Mwaka wa 1919 Edith Clarke alikuwa mwanamke wa kwanza kupata diploma ya juu ya injinia wa umeme ku chuo cha MIT. Akaenda kutumika Schenectady, kampuni ile ile ya Steinmetz, kazi ya hesabu za mistari ya umeme. Mwaka wa 1947 akawa profesere wa injinia wa umeme ku universite ya Texas. Kaye zake zilijaa zile zile namba zenye sehemu mbili.

7. NYUMBANI KWAKE, NA KATIKA MJI

Steinmetz hakuoa. Aliogopa kumrithisha mtoto kile kilema kilichotoka kwa babu na baba. Lakini hakuishi peke yake. Msaidizi wake wa laboratware, Joseph LeRoy Hayden, alipooa, Steinmetz akawakaribisha nyumbani kwake yeye na bibi yake. Kisha akamfanya Hayden mwana wake kwa sheria. Watoto watatu wa Hayden wakamwita babu. Mtu aliyekosa mama angali mtoto, akapata wajukuu.

Mwaka wa 1911 watu wa Schenectady walimchagua George Lunn kuwa mkubwa wa mji. Alikuwa mchungaji wa kanisa na msosialisti. Akamweka Steinmetz katika baraza la shule za mji, na baraza likamfanya rais. Pale alipigania madarasa zaidi, wauguzi wa kuangalia afya ya watoto shuleni, na madarasa ya pekee kwa watoto waliobaki nyuma. Hakusahau ya kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtoto ambaye wengine wangemwacha nyuma.

Hatutaficha neno moja. Ijapokuwa alibatizwa, alipokuwa mtu mzima hakufuata tena njia ya kanisa. Tena alivuta sigara bila kupumzika. Katika hayo hatumweki mbele yenu kama mfano. Lakini kwa talanta aliyopewa, hakuizika udongoni. Na hapo wengi wetu tulio wakristo atatuhukumu.

8. RADI, NA MWISHO WA MAISHA

Mwaka wa 1920 radi ilipiga kijumba chake cha mapumziko kando ya mto. Ikavunja kioo kikawa vipande vidogo vidogo. Wengine wangevitupa. Yeye akaviokota, akaviunga tena kimoja kimoja, ili asome njia ambayo radi ilipitia. Miaka miwili kisha, katika laboratware, alitengeneza radi ndogo ya mikono ya watu, ya volti 120.000. Kwa radi ile alipasua miti, akajaribu vyombo vya kulinda mistari ya umeme. Edison alikwenda kuiona mwaka wa 1922. Sisi watu wa Kongo ya mashariki, ambao milima yetu inahesabiwa kati ya fasi zinazopigwa na radi kupita nyingine zote duniani, tunajua faida ya kazi ile.

Mwaka wa 1923 alisafiri na jamaa ya Hayden mpaka upande wa magaribi wa Marekani. Akarudi amechoka. Tarehe 26 mwezi wa 10 akafa kitandani mwake ku Schenectady, moyo umesimama. Alikuwa na miaka 58. Aliacha karibu hati 200 za uvumbuzi. Alizikwa katika mji ule ule.

9. TUNAJIFUNZA NINI?

Wavivu watasema: kumbe Steinmetz alikosa diploma na akakuwa mkubwa, basi na sisi tuache kujisumbua. Ndugu, mmesoma vibaya. Yeye hakuacha masomo. Aliikosa karatasi tu. Kazi yote iliyodaiwa alikuwa ameifanya, na kisha akaongeza nyingine ku Zürich, na nyingine tena usiku ku Yonkers. Eickemeyer alipompima bila karatasi, alikuta kitu ndani.

Sasa tugeuze mambo. Mwanafunzi anayenakili kaye ya mwenzake, anayeingia mtihani na karatasi ndogo ndani ya soksi, ao anayetafuta pointi kwa njia ya bahasha, yeye anatafuta kuwa Steinmetz wa upande wa nyuma: karatasi iko, ndani hamna kitu. Siku moja atapewa transfoma aihesabu. Atajumlisha 3 na 4, ataandika 7. Chuma hakisomi diploma. Kitapata moto, na nyumba ya mtu itaungua. Hapo ndipo tunaona kwa nini masharti ya diploma ya injinia ni magumu. Hayakuwekwa kwa kutesa watoto wa maskini. Yaliwekwa kwa sababu mtu mwingine atalala usiku chini ya waya ulioufunga wewe.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuwa injinia wa umeme, usingoje universite. Masharti yanaanzia hapa, ku tablo ya darasa lako: trigonometria, zile namba zenye sehemu mbili, sheria ya Ohm, na lugha ya kuandika vizuri ulichofikiri. Mwenye feza kidogo asife moyo. Mwenye kilema asijifiche. Na ukiwa wewe huna akili ya hesabu, basi uwe Asmussen: simama karibu na mwenzako pale mlangoni.

Kwa kumaliza, zoezi dogo kwa wote wa darasa la tano na la sita. Waya uliozungushwa una upinzani wa om 6 na ule wa sumaku wa om 8. Tunatia volti 220. Utapita mkondo wa ampere ngapi? Leteni majibu kwa watengenezaji wa buletini, na hesabu yote ionekane. Atakayeandika 14 chini ya mstari, asome tena sehemu ya 5.

Mungu awabariki katika masomo yenu.